Dada, Nimeitafuta Karagwe Kutoka Angani

Dada yangu mpendwa,

Huko uliko nadhani hamna simu, maana ingekuwepo ungeshanipigia kunigombeza. Basi nikusimulie. Mdogo wako, ambaye darasa la tano lilishindwa kumweka, juzi ameizunguka Karagwe yote bila kupanda ndege. Nilikuwa nimekaa tu kwenye kochi la binti yako Umutoni, hapa Kibagabaga, chai ya maziwa mkononi.

Jumamosi Umutoni anataka kwenda kwenye kaburi la mama yetu kule Karagwe, safari uliyoitamani mpaka maradhi yakakuwahi. Tangu turudi Rwanda kutoka ukimbizini hakuna aliyekanyaga kule, na wazee waliojua njia wameisha. Nikamwambia, "Mjomba wako anajua kila jiwe la Karagwe. Likipotea moja, naulizwa mimi."

Akanitazama. "Nionyeshe kwenye ramani kwanza. Usiponionyesha, Mjomba, hatuendi. Sitawazungusha watoto porini kwa hadithi zako."

Ni wewe mtupu, dada.

Tukaanza na ile ramani ya viwanja vya Rwanda, picha zake zilipigwa na ndege. Yebaba we, hiyo iko kali! Niliona paa langu la Gatsata, nikamwona na jogoo wangu, naye akanitambua. Ila ukifika mpakani inakatika kama kitambaa. Ya pili, ile ya satelaiti iliyo kwenye kila simu, inavuka mpaka, lakini vilima vyote inavilaza kama chapati. Nikanyoosha kidole: "Hapa!" Umutoni akakuza picha. Lilikuwa bwawa la ng'ombe.

"Bibi alizikwa majini?"

"Maji yalikuja baadaye," nikamjibu.

Ya tatu ndiyo mfalme. Unaigeuza dunia kama chungwa, unainamisha kilima mpaka uone mteremko wake. Tena unaweza kuirudisha nyuma, ikakupa picha za miaka ya zamani. Hapo ndipo nikakukumbuka. Mama mgonjwa ndani, sisi tunapanda ua wa minyaa kuzunguka nyumba, wewe unakata vijiti, mimi navichomeka. Nikapinda kukwepa kichuguu. Ukacheka mpaka ukakaa chini: "Umechora yai!" Mama alipofariki tulimzika humo humo, nyuma ya nyumba, upande alioupenda, unaotazama Rwanda.

Basi tukainamisha vilima kimoja kimoja, tukitafuta mteremko unaotazama machweo, iliko Rwanda. Tulipoupata, picha ya sasa ilionyesha migomba tu. Tukarudi nyuma. Migomba ikapungua, ikapungua, na katikati yake, dada, yai. La kijani, limepinda pale pale nilipopinda. Nyumba haipo, ua upo.

Nikaufuata ule ua kwa kidole, nikarudia tena na tena. Umutoni akaniuliza kama ninaumwa.

Halafu akaweka alama pale, akaiandika "Kwa Bibi". Tutabisha hodi kwa mwenye migomba, kitenge cha mkewe kimeshanunuliwa. Simu ikatuchorea njia, mstari mmoja wa bluu kutoka mlangoni kwa Umutoni, ukivuka mpaka pale darajani Rusumo hadi kwa mama. Ndiyo njia tuliyorudia nyumbani, wewe na mimi, tukiimba juu ya lori, na mama tukamwacha peke yake. Jumamosi tunaifuata kinyume, na wajukuu zako nyuma ya gari.

Pumzika, dada. Salamu zako nitamfikishia mama, ingawa nadhani ninyi mnaonana kila siku.

Ni mimi, mdogo wako uliyembeba mgongoni.