Wapagazi wa Chokaa

Kijijini kwetu huku, njia ya zamani ya Ujiji
Msimu wa kukausha tumbaku

Mama yangu, shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa zile asubuhi zote ambazo sikuwapo kukuamkia mlangoni. Marahaba yako naisikia hata nikiwa huku. Miguu inasemaje? Na macho, Mama? Mimi napumua, mke wangu anapumua, watoto wanakula kama nzige. Nyamizi mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole, usimeze maneno, na usiruke mahali hata nikisema jambo la aibu. Nakujua.

Barua yenu imenifikia. Mmesema jicho la kushoto limeshafunga, na la kulia linaona watu kama wamesimama kwenye moshi. Mmesema Mama anasema, "Kashindye aje nimwone kabla giza halijaingia." Niliisoma nikiwa ndani ya bani, tunakokausha tumbaku, machozi yakanitoka nikasingizia moshi. Mke wangu akanitazama tu. Moto wenyewe ulikuwa haujawashwa.

Sasa sikilizeni kwa nini sijaja. Huku mtu haondoki tu kama kuku. Unamwomba Mwenyekiti wa kijiji, anakuandikia karatasi ya ruhusa, anaigonga muhuri, ndipo uende stesheni. Bila karatasi mgambo wanakurudisha njiani. Na karatasi yangu ilizuiwa na polisi kwa sababu ya picha. Msicheke kwanza.

Mwenyekiti aliniambia niandike "Uhuru na Kazi" kwenye ukuta wa ghala la tumbaku, kwa kuwa anaupenda mwandiko wangu. Akanituma mjini Tabora nikachukue chokaa kwenye duka la Mhindi mmoja pale Mtendeni. Nikaandika, herufi kubwa kama ndama, kila mtu akasifu. Chokaa ikabaki nusu debe.

Karibu na hapa, ndani ya msitu wa serikali, njia waliyopita wapagazi zamani bado inaonekana. Imezama kwa kukanyagwa, na kando yake lipo jabali pana lenye uso laini. Ndipo ninapopita nikienda kutafuta kuni za bani. Kila nikipita nawaza Choma, mbuga yetu iliyo wazi, ng'ombe wanarudi na vumbi lao. Huku miti imetusonga mpaka puani. Mama, nina mvi sasa, lakini ikifika jioni naitamani harufu ya zizi letu mpaka najionea haya.

Basi Jumapili moja nikabeba chokaa, mkaa na udongo mwekundu, nikamchora baba yako.

Ndiyo, Mama. Umetusimulia mara ngapi? Ulikuwa mtoto wa kuchunga ndama, ukamwona anaondoka na wenzake kwenda Ujiji kubeba pembe za ndovu, wazipeleke pwani. Ukautazama mgongo wake mpaka ukapotea, na hakurudi. Njia ni hii hii. Lazima alipita hapa! Nikachora wapagazi kumi na wawili wakifuatana kuelekea mashariki, kila mmoja na pembe yake begani, na wa mwisho ndiye yeye. Wote nimewachora migongo. Sura yake hukunipa, na kumzulia niliogopa.

Chini ya jabali lile kuna rundo la mawe la tangu enzi hizo. Wazee wa huku wanasema mpagazi akipita alitupia jiwe moja, ili afike salama na arudi kwao. Watu walipoiona picha wakaikumbuka desturi. Katika kijiji hiki cha Ujamaa, nani hakuhamishwa kuletwa huku? Kila mtu ana kwao. Anayekwenda kuni akatupia jiwe, anayetoka kisimani akatupia jiwe, mke wangu akatupia mawili, moja lake na moja la mama yake. Rundo likapanda mpaka kifuani.

Habari zikafika kituo cha polisi. Akaja koplo mmoja mgeni na mgambo wawili. Akazunguka jabali, akahesabu kwa kidole, akaniita.

"Hawa kumi na wawili ni akina nani?"

"Wapagazi, afande."

"Wako wapi sasa?"

"Walishakufa."

"Nani kawaua?"

Mama, umenikanya miaka yote juu ya kicheko changu. Kilinitoka. Koplo akakunja uso.

"Na pembe ziko wapi?"

"Ziliuzwa, afande, kabla mimi na wewe hatujazaliwa."

"Kumbe ziliuzwa! Andika hapo," akamwambia mgambo. Akalitazama rundo la mawe. "Na hapa mmefukia nini?"

"Hatujafukia kitu. Ni mawe ya kuombea safari."

"Lisemwalo lipo," akasema. "Fukueni."

Tuliyaondoa mawe yale mchana kutwa, moja moja, watu wote wa kijiji wamesimama. Tulipata kiko kimoja cha udongo kilichovunjika, na siafu, ambao walimpanda koplo mpaka kiunoni akacheza ngoma bila mpigaji. Watu walitamani kucheka lakini hakuna aliyethubutu. Kisha mzee mmoja, mwenzangu wa kuhamishwa, akauliza taratibu, "Afande, jiwe langu mmeliweka wapi?"

Pembe hazikuonekana, lakini jalada lilikuwa limeshafunguliwa, na koplo hakutaka lifungwe tupu. Nikaandikiwa kosa la kuchafua msitu wa serikali. Kila Jumamosi niripoti kituoni, na ruhusa ya kusafiri hakuna. Nikapewa mchanga na brashi nisugue. Nikasugua mpaka vidole vikachubuka. Jabali limeshainywa ile rangi, haikubali. Siku hizo ndipo barua yenu ilipofika. Niliona jicho lako linafunga, nami niko hapa nasugua jiwe kama mwehu!

Mwenyekiti akanihurumia. Akaja na koplo pale jabalini, akasema, "Kashindye, watu hawa wamenyooka, wanafuatana vizuri. Kosa lao ni pembe tu. Wape majembe, wawe wakulima wa Ujamaa."

Koplo akafikiri. "Akiwapa majembe, nafunga jalada. Akikataa, nampeleka mahakamani Tabora, na kesi itaitwa lini mimi sijui."

Sikulala vizuri siku mbili. Nilikasirika, Mama, nilikasirika sana. Baba yako hakwenda kulima. Alibeba pembe ya mtu mwingine, bega likachubuka, akafia njiani pasipojulikana. Nami najua ulivyo mkali juu ya habari zake. Nyamizi akikosea hata rangi ya nguo aliyovaa siku ile, unamsimamisha aanze upya. Leo mimi, mtoto wako, nimbadilishie mzigo?

Nikamwambia mke wangu kuwa nakwenda mahakamani, liwalo na liwe. Akaacha kupepeta mtama. "Mume wangu," akasema, "yule wa jabalini haoni tena. Mama bado anaona kidogo. Chagua mmoja."

Nikachukua debe nikaenda. Nilizifunika pembe kwa udongo na mkaa, moja baada ya moja, nikaweka majembe. Kumi na moja zilikwenda haraka. Ya kumi na mbili mkono ulikataa. Nilikaa chini nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi. Nyamizi, nimesema usiruke. Kisha nikainuka nikamalizia. Jembe lake nimelifanya dogo kuliko ya wengine, na mpini wake umepinda. Sikuweza zaidi ya hapo.

Koplo alikuja akasema sasa wanapendeza. Mgambo walipotangulia, akabaki nyuma, akaniuliza kama jiwe linatupwa kwa mkono wa kulia au wa kushoto. Nikamwambia wowote. Akatupia moja pale palipokuwa na rundo, akaondoka bila kuniaga.

Karatasi ninayo mfukoni. Siku kumi, kwenda na kurudi, kuanzia Jumatatu. Nitashuka Tabora na kutafuta lori la kuelekea huko, na pakiishia lori nitatembea.

Nisalimie kaka mkubwa anayetunza zizi, mwambie yule ndama mwenye baka bado namkumbuka, nataka kumwona. Nisalimie shangazi wa ng'ambo ya mto, na yule jirani fundi wa mizinga ya nyuki, na mwalimu wa katekisimu asiyenisahau katika sala. Nyamizi, siku nitakayofika usimweke Mama ndani. Mtoe uani, penye mwanga mwingi, mkalishe akielekea njia.

Mama, nimetoa pembe ya baba yako nikapata siku kumi. Uongo ule nimeuchora mimi, kwa mkono wangu, na sitakuomba uuite jina jingine. Kama utanikasirikia, nikasirikie ukiwa unaniona.

Ni mimi, mwanao niliyeko njiani,
Kashindye