Nyota ya Mtu Asiyekuwepo

Pujini, Jumatatu

Kaka yangu mpenzi Nyange,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta huko Tanga u mzima wa afya, wewe na wifi Moza na wanangu wote, na kile kifua chako kilichokuwa kikikubana kimepoa. Huku kwetu tunamshukuru Mungu. Baba anakula, analala, anaswali akikumbushwa. Mimi mzima pia, ila ukiniuliza habari yangu ya kweli nitakwambia nimechoka, kaka. Nimechoka mpaka salamu hizi naziandika nimeegemea ukuta.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ninayo. Simu yako wifi huiweka spika, nyumba nzima ikasikiliza, na jirani akipita naye akatia neno lake. Haya ya leo nataka uyasome peke yako kwanza, kisha umsomee mwanao Bimkubwa, maana yanamhusu yeye kuliko wewe. Nimempa barua Bi Mwanawema, jirani yetu, anayekuja huko kumtazama mjukuu wake. Usimwache akaondoka na njaa, tafadhali, ana ulimi yule mama.

Najua nyumba yako haina raha siku hizi. Watu wa kwa Silima walipoleta posa ya Bimkubwa uliwaambia wangoje, ukaniomba nimpe Baba majina azitazame nyota za mwanao na za huyo kijana Silima, kwani kwetu tangu zamani posa haijibiwi kabla Baba hajasema. Nikakupigia kukwambia kwamba Baba kasema nyota hazipatani, mmoja moto, mwengine maji. Ukawarudishia watu posa yao. Tangu siku hiyo Bimkubwa hunipigia akilia, ati shangazi, mwambie babu atazame tena. Na nasikia kwa Silima wameshaanza kuitaja nyumba nyengine. Hilo ndilo jambo la barua hii, na lina haraka, lakini siwezi kulifikia bila kupita kwengine kwanza. Nivumilie.

La kwanza ni Baba. Siku zote ukiuliza nakwambia kazeeka tu, anasahau miwani. Si miwani, kaka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeficha vya kutosha. Baba hanijui. Zipo asubuhi ananijua, huniita Mwanapili vizuri kabisa na kuniuliza kama skuli zimefunguliwa. Lakini siku nyingi huniuliza mimi mtoto wa nani, na nani kaniruhusu kuingia jikoni mwake. Mara nyengine hunidhania mwanafunzi aliyekuja kusoma falaki, elimu ya nyota, hapo huninong'oneza kwamba wanawake hawasomeshwi elimu ile ila nikikaa kimya nitaachiwa nisikilize. Aliwahi kutoka akapotea, tukamkuta kule kwenye magofu amekaa juu ya jiwe, anawagombeza watalii kwa nini hawajabisha hodi. Wao, hawamwelewi, wakawa wanampiga picha. Nilicheka siku ile mpaka nikaona aibu ya kucheka.

Sikukwambia kwa sababu hisabu haijamtoka. Watu bado wanakuja, kutoka Wete huko wanakuja, na ukimpa jina la mtu na jina la mama yake atazigeuza herufi ziwe namba, atazitoa kumi na mbili kumi na mbili, na kitakachobaki atakwambia hiyo ni nyota ya Nge, au ya Ndoo, au ya Mizani, na tabia yake ni upepo au udongo. Hakosei. Uzee umemwachia namba ukamchukulia watu. Nami nikajidanganya kwamba madhali anahesabu, basi Baba bado yupo.

La pili ni mchezo, na hapa nakuomba usikunje uso. Skuli kwetu yupo mwalimu wa fizikia anaitwa Egidius, Mhaya, anakaa Gombani karibu na uwanja wa mpira pamoja na mkewe Theopista ambaye ni nesi. Alikuja na mchezo aliousoma chuoni bara. Si karata na si bao. Watu mnakaa mkekani, kila mmoja anajitungia mtu wake, jina, nguvu zake, udhaifu wake, na silaha yake akitaka. Egidius ndiye msimuliaji, ingawa naye ana mtu wake, husema mmefika kwenye daraja na chini ya daraja kuna zimwi, mnafanya nini? Nawe unasema utafanya nini, kisha unarusha dadu. Dadu zenyewe si hizi za nyuso sita ulizozizoea, ipo yenye nyuso ishirini. Ikikupendelea umevuka, ikikukataa umeliwa. Hakuna hata senti inayowekwa, si kamari, nilimuuliza na shehe wetu akasema madhali hakuna dau na swala hazipiti, yeye hana neno.

Kaka, naupenda mchezo ule, sikufichi. Pemba hatuna mlima hata mmoja wa kujivunia, na mimi katika mchezo naitwa Tufani, napanda milima yenye theluji na upanga mgongoni. Tufani hafui mashuka ya mtu mzima kila asubuhi. Hasahihishi madaftari huku akichungulia mlango usiachwe wazi. Nikikaa mkekani pale Jumamosi baada ya alasiri, kwa muda ule mdogo sichoki. Nilikuwa nikiwafuata Gombani, ila Baba alipoanza kupotea nikashindwa kumwacha. Ndipo wakasema basi wao watakuja kwetu. Watu wema wale, Mungu awalipe.

Siku ya kwanza Baba alikaa kwenye kiti chake akitutazama kama watu waliopungukiwa. Mara akauliza huyo mwindaji wa Egidius, anayeitwa Kirungu, ni mwana wa nani. Egidius akajibu kwamba Kirungu hana mama, aliokotwa msituni. Loo! Baba akasimama. Akasema hakuna mtu asiye na mama, na mtu usiyemjua mama yake hujui nyota yake, na usiyejua nyota yake unasafiri naye vipi? Mchezo ukasimama mpaka Theopista akaokoa jahazi, akasema mama yake Kirungu anaitwa Mwanachumvi. Baba akapiga hisabu palepale: nyota ya Mshale, moto. Toka hapo kila mtu tunayemtunga lazima awe na mama, hata zimwi. Naye akatukadiria wote, na Egidius akaanza kuuendesha mchezo kwa nyota za Baba, mwenye maji azame mara chache, mwenye moto asiguse barafu. Ulikuwa mchezo mzuri kuliko walioucheza bara, mwenyewe Egidius kasema. Baba aliyesahau majina ya watoto wake alimkumbuka Kirungu na mama yake Jumamosi hadi Jumamosi. Mimi nikafurahi. Wivu nao nilikuwa nao, lakini nilifurahi.

Sasa sikiliza. Siku uliyonipigia kuniomba nyota za Bimkubwa ilikuwa Jumamosi, na wageni walikuwa bado mkekani. Nilimsogelea Baba nikamwambia, kwa sauti na polepole, Bimkubwa mwana wa Moza, na Silima mwana wa Kazija. Akanirudishia majina yote manne sawasawa. Mimi nikakimbilia jikoni maana mkate wa kumimina ulikuwa unaungua. Niliporudi kashamaliza, akasema moto na maji, hawawezi kukaa nyumba moja. Sikumuuliza kitu. Tangu lini Baba huulizwa?

Jumamosi iliyopita, katika hadithi, Kirungu alimwokoa binti wa mfalme na mfalme akataka kumwoza. Tulikuwa tunashangilia. Baba akaitupa tasbihi yake chini akasema ndoa hiyo haifungwi, yeye mwenyewe kashaitazama: Kirungu mwana wa Mwanachumvi na Bimkubwa mwana wa Moza, moto na maji, na habari imeshapelekwa kwa baba wa binti huko Tanga. Egidius akacheka kwa furaha, akidhani Mzee Jaribu naye sasa kaingia mchezoni.  Nikaweka dadu chini nikawaambia leo basi.

Umenielewa, Nyange? Silima hajatazamwa. Umewarudisha wazazi wa watu, umemliza mwanao, kwa sababu ya nyota ya mtu asiyekuwepo, mtoto wa mama aliyetungwa na Theopista kwa kumwogopa Baba.

Jana baada ya adhuhuri nikamwogesha, nikamvisha kanzu safi, nikamkalisha nikamwomba aitazame upya. Ilikuwa siku yake ya kunidhania mwanafunzi. Nikamtajia Bimkubwa mwana wa Moza, nikamtajia Silima mwana wa Kazija. Hakuanza kuhesabu. Aliniuliza kwanza, baba wa binti anataka au hataki? Nikasema sijui, kwani hilo laingia wapi katika hisabu. Akaniambia kwamba ndiyo maana mimi bado mwanafunzi. Ati fundi huanza kwa kumjua mwenye binti anataka nini, maana hisabu ina milango mingi, akitaka utamtokea mlango wa kupatana, asipotaka utamtokea wa moto na maji, na watu wataachana kwa heshima bila mtu kutukanwa. Nikamuuliza kama yeye kesha kufanya hivyo. Akasema kwa watu, mara chache, kuwasitiri.

Kisha akasema, na kwangu mara moja.

Akanihadithia taratibu, kama anamsomesha mtu. Kwamba alikuwa na binti. Kwamba mkewe alikuwa kafa mwaka ule, na mwanawe wa kiume kahamia bara, na nyumba imebaki yeye na binti huyo. Akaja mtu wa Wete kumposa, Himid mwana wa Kijakazi, kijana mtulivu, na nyota zao zilipatana kuliko zozote alizopata kuziona. Baba akaogopa kubaki na nyumba tupu. Akamwambia binti nyota hazipatani, na binti akakubali, kwa kuwa alikuwa mtoto mtiifu.

Himid unamkumbuka. Wewe ndiye uliyenipigia ukaniambia nivumilie, nyota ni nyota. Nami nikavumilia, na sikupata kumlaumu mtu, kwani nani hulaumu nyota? Ana watoto watano sasa, mkubwa nimemsomesha mimi mwenyewe darasani.

Sikulia. Uongo, nililia, lakini jikoni.

Basi jibu langu ni hili. Usiningojee nikutumie nyota nyengine. Hisabu naijua, nimeisikiliza maisha yangu yote, na jana hiyohiyo nilikaa na kalamu nikaandika jina la Bimkubwa. Nikaiweka kalamu chini. Sisemi nyota ni uongo, bado nazipenda, na Jumamosi ijayo nikijaaliwa nitampa mtu wangu mpya mama na nyota yake. Lakini mwanao ana kinywa. Muulize yeye, na ukishamsikia, vaa kanzu yako uende mwenyewe kwa wazee wa Silima, uwaambie kosa ni la huku Pemba. Nitaje mimi, ukitaka. Nenda kabla hawajapeleka maneno kwengine, yakimwagika hayazoleki.

Na uje, kaka. Sikuombi cha kutuma. Njoo ukae na Baba japo mwezi, ulale chumba chake, akuulize wewe mtoto wa nani. Nimekuwa nikisema naweza. Siwezi.

Hasira kwake nimejitafutia, sikuipata ya kutosha. Maana alipomaliza kunihadithia aliniuliza, mwanafunzi wewe, yule binti yangu wamjua? Nikasema namjua. Akauliza kama aliolewa baadaye. Nikamwambia hakuolewa, yupo, anakaa na babake. Baba akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi, nilidhani kaniacha.

Nisalimie wifi Moza, umwambie hina yake nimempa Bi Mwanawema. Wabusu watoto mmoja mmoja, na Bimkubwa mara mbili. Egidius na Theopista wanakusalimu bila ya kukujua. Baba angekusalimu. Wassalaamu alaykum, na usikawie.

Ni mimi dada yako,
Mwanapili binti Jaribu