Mwezi Nyuma ya Maghorofa

Salma mjukuu wangu,

Assalaam aleikum. Huku Majengo sote wazima, ila mamako na mafua yake. Uliniuliza kama kweli zamani tuliutafuta mwezi wa Idi kwa macho yetu. Kweli kabisa.

Nilikuwa msichana mdogo. Ramadhani ilikuwa inaisha, mtaa mzima ukatoka nje kutazama magharibi, juu ya mabati. Wazee walikaza macho wasione kitu. Mimi nikauona, mwembamba kama uzi wa kofia. Marehemu baba akanibeba mabegani, wanawake wakapiga vigelegele ungedhani pana harusi.

Mwaka huu nilitoka tena na kigoda changu. Upande ule sasa ni maghorofa matupu, yamekula mbingu yote. Vijana wakaniambia, "Nyanya, ingia ndani, watatangaza redioni." Nikanuna, nikakaa palepale mpaka giza likaingia.

Wewe huko Doha unaishi ghorofani juu kabisa, na dirisha lako latazama jua likizama. Ramadhani ijayo ikiisha, simama hapo. Ukiuona, nipigie kabla ya redio. Wacha wabishane msikitini kama mwezi wa huko unahesabika huku. Kigelegele changu bado ninacho.

Nyanya yako