Mashua ya Baba Uliyoipaka Rangi

Kericho, nyumba za wafanyakazi,
Jumapili, baada ya kanisa

Kaka yangu Otieno,

Nakuamkia kwanza, kwa sababu wewe ndiye mkubwa, na Mama, Mungu amrehemu, hakutulea tuingie kwa mtu bila hodi. Habari za huko ziwani? Shemeji amepona mgongo? Watoto wanaenda shule ama wanakufuata kwa mikutano? Mimi huku mwili ni mzima. Kiwanda kinasaga chai mchana na usiku, na mimi bado niko karakana ya mbao, narekebisha matangi ya kunyaushia majani na milango inayovimba kwa unyevu. Salamu zimekwisha. Sasa kaa chini unisikize.

Nimekasirika, Otieno. Nimekasirika mpaka chakula kinanishinda. Nakupigia simu, hushiki. Ukishika unasema uko mkutanoni, utanipigia, na hupigi. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Simu unaweza kunikatia, barua huwezi.

Akinyi alinitumia picha. Dada yetu hakuandika neno, alituma picha tu. Nikaona pikapu yako, na juu ya keria nikaona mashua ndogo nyekundu na manjano, inang'aa kama sufuria mpya, imeandikwa ubavuni OTIENO NI WETU. Haki ya Mungu nilicheka. Nilidhani umenunua plastiki sokoni, kwa vile alama yako ya kura ni mashua. Halafu nikaikuza ile picha, nikaona pua yake imeenda kushoto kidogo. Hakuna mashua ya sokoni yenye pua ya namna hiyo. Pua hiyo niliipinda mimi, kwa makusudi, kwa sababu mashua ya Baba ndivyo ilivyokuwa.

Wewe hata hukuwahi kuniuliza niliitengenezaje. Ulikuja Kericho mjini na shughuli zako, nikakukabidhi ikiwa kwenye katoni, nimeizungushia blanketi langu mwenyewe, nikakwambia: moja kwa moja kwa Baba, usiifungue. Ukasema, "Hizi toi zako zitakumaliza, Okoth." Nikanyamaza kwa heshima. Leo sinyamazi, na utasoma mpaka mwisho.

Mkuku wake, ule mti wa chini unaobeba kila kitu, ni kisiki cha chai. Kuna mama mmoja mkulima wa Sosiot, Mama Chebet, ndiye ananiuzia maziwa. Aling'oa michai yake ya zamani apande mipya, akaniambia nichague visiki kabla hajavifanya kuni. Mti wa chai ni mgumu ajabu, unakula meno ya msumeno, lakini ukishakauka haupindi tena. Kazi ni kuukausha. Mvua ya huku haina adabu, karibu kila alasiri iko, na ukiacha mbao nje zinaota ukungu. Niliziweka juu ya dari ya karakana, pale hewa moto ya kunyaushia majani inapopita, zikakaa huko miezi na miezi. Msimamizi akawa ananiuliza kila mara kama nimepanda shamba huko juu.

Mbavu nilizitoa kwa matawi ya visiki hivyohivyo, yale yaliyojikunja yenyewe. Unakumbuka Baba hakuwahi kulazimisha ubavu. Alikuwa anazunguka vichakani siku nzima akitafuta tawi lenye umbo analotaka, na sisi nyuma tunabeba panga na njaa. Mbao za pembeni ni grevilia. Nilizipasua nyembamba, nikazichemsha kwenye sufuria ya ugali mpaka zikalegea, nikazibana kwa vibanio vya nguo zipoe na mkunjo wake. Misumari ni waya wa shaba wa mota iliyoungua kiwandani. Kila msumari nimeukata kwa koleo, na kila tundu nimelitoboa kwanza kwa sindano ya gunia, ubao usipasuke. Mchoro sikuwa nao, kwani Baba alikuwa nao? Baba alipima kwa shubiri, anahesabu kwa sauti huku akitembea toka pua mpaka nyuma. Nilizikumbuka shubiri zake zote, na kila shubiri nikaifanya upana wa kidole changu cha gumba.

Na sikupaka vanishi. Sikupaka rangi. Unanisikia, Otieno? Niliacha mti uchi kwa makusudi. Ndani ilitakiwa iwe nyeusi, kama ile ya Baba ilivyokuwa, basi nikasugua mkaa wa senetwet, ule mti ambao hawa wenzetu wa huku husugulia vibuyu vya mursik, maziwa yao ya kugandisha. Mkaa huo unatia weusi bila kuziba hata mstari mmoja wa mti. Mama Chebet alinikuta nasugua, akacheka mpaka akashika mlango. "Weh, Okoth! Hiyo sasa utatia maziwa ama samaki?" Nikamwambia baba yangu haoni, siku hizi anaangalia kwa vidole. Akaacha kucheka. Kesho yake aliniletea mkaa mwingine, mzuri zaidi, umefungwa kwa gazeti.

Ona basi. Mtu baki alielewa papo hapo, na wewe mtoto wa kwanza hukuelewa.

Presha ya macho imemfunga Baba kabisa. Na mashua yake unajua ilikoishia. Ilioza pale ufukweni, na siku za matanga ya Mama mimi na wewe ndio tuliichanja kwa shoka, ikapikia waombolezaji. Lakini tangu macho yazime, kila nikija nyumbani lazima aniambie, "Ningeishika tena, hata mara moja tu." Hasemi kuiona. Anasema kuishika. Basi nikamtengenezea mashua ya kushikwa. Kila kiungo ukipitisha kidole unakipata. Kile kibao alichobadilisha Baba siku kiboko alipouma ubavu wa kushoto nilikiweka, kipana kuliko wenzake, ncha zimeinuka vile alivyoziacha kwa haraka ya kurudi majini. Hata alama za tezo yake huko ndani nilizichonga kwa patasi, moja moja, ili akiingiza mkono akute kazi yake mwenyewe.

Wewe ukaipeleka kwa mpiga rangi ya magari. Akajaza puti kwenye kila kiungo. Akapiga msasa. Akapuliza rangi ya gari, koti juu ya koti, mpaka kibao cha kiboko hakijulikani kilipo. Kisha mkachukua drili mkatoboa mkuku, mkatia bolti mkaifunga kwa keria. Mkuku, Otieno! Hata mtoto wa fundi viatu hawezi kutoboa mkuku wa mashua, sembuse wewe uliyelala ndani ya mashua ukiwa mtoto mchanga. Ulikuwa unafikiria nini? Ama ulikuwa hufikirii?

Na ukazunguka nayo masoko yote. Ulipochoka ndipo ukakumbuka ina mwenyewe, ukamfungulia bolti ukampelekea. Akinyi alikuwa hapo, ameniambia yote, wala usimgombeze.

Anasema Baba alipoambiwa mashua yake imekuja alinawa mikono kwanza. Alinawa mikono, Otieno, kama mtu anayeenda kula. Akawekewa mapajani. Akapitisha vidole upande wa kulia, akarudi, akaenda kushoto, akatafuta. Akatafuta tena polepole, ameinamisha sikio. Akaingiza mkono ndani, akautoa. Mwishowe akauliza, "Ni Okoth amefanya hii?" Na wewe ulikuwa umesimama hapo hapo mlangoni na simu yako mkononi. Ukajibu, "Ni yeye, Baba. Safi sana, siyo?" Baba akasema, "Basi huko kiwandani amezoea mashine."

Ukaondoka. Uliacha mzee akae na hilo.

Jioni akanipigia. Unamjua Baba. Maisha yangu yote hajawahi kuipenda kazi yangu. Hata ile meza iliyopewa zawadi shuleni alisema mguu mmoja una kiburi. Akikutukana ujue amekuona, ameshika kazi yako akaipima. Siku hiyo akaniambia, "Asante mwanangu. Ni nzuri. Inateleza vizuri." Kwa sauti ile anayowapa wageni wakimletea sukari. Mimi nikasema asante Baba, kwa sababu wakati huo nilikuwa sijaona picha, sikujua kitu. Nilizima simu nikakaa kitandani, nikauangalia mkono wangu. Angenitukana ningelala. Ile asante yake mpaka leo inanichoma, na nikikumbuka nalia kwa hasira, mtu mzima na ndevu zangu.

Na sasa nasikia amekurudishia, eti itakusaidia kwenye kura. Umeichukua! Ukaifunga tena juu ya gari!

Najua utakavyosema. Utasema uliipendezesha. Utasema ukipata kiti cha wadi tumepata sote, kwamba nina roho ndogo, kwamba mashua ni mbao tu na mbao ziko. Sikiza nikwambie. Sikuombi uitoe rangi. Haitoki. Puti imeingia kwenye viungo, ukiikwangua utaondoka na ubao wenyewe. Hiyo imekufa, baki nayo, izungushe mpaka siku ya kura. Mimi sijali utashinda ama utashindwa, na nikisema hivyo jua nimefika mwisho, maana mwanzoni nilikuombea.

Ninachotaka ni kimoja. Nenda kwa Baba leo, ukishasoma hii, kabla ya mkutano wako. Uketi chini, si kusimama mlangoni. Umwambie kwa mdomo wako: Baba, Okoth alikuletea mashua yako jinsi ilivyokuwa, mimi ndiye niliifunika. Basi. Mimi siwezi kumwambia. Unajua Baba alikuwa anamfanya nini fundi aliyejitetea pale ufukweni, alikuwa hata hamalizi kumsikiliza. Nikisema mimi ni kisingizio. Ukisema wewe ni ukweli. Na usipokwenda, kaka, nakwambia bila kukuficha, nitashuka huko na nitasema mbele ya watu wako wote wenye fulana zako, na heshima ya ukubwa utakuwa umeimaliza mwenyewe.

Nisalimie shemeji, mwambie dawa ya mgongo nitamtumia. Nisalimie watoto wako, na mama mdogo anayempikia Baba, na yule ndugu wa Mama anayechunga ng'ombe wetu, mwambie nimesikia ndama ni jike. Akinyi nitamsalimia mwenyewe. Lakini salamu hizi zote usizipeleke kwa mtu kabla hujafika kwa Baba.

Nyingine nimeanza. Mama Chebet amenipa visiki vingine, viko darini, vinakauka taratibu na mvua hii. Mikono yangu ipo na hasira inanipa nguvu, hilo lisikupe wasiwasi. Ila juzi Akinyi alimuuliza Baba kama angependa Okoth amtengenezee mashua nyingine. Baba akageuza uso ukutani akasema, "Hapana. Mwacheni mtoto asijisumbue."

Mimi mdogo wako,
Okoth