Baba, Sikunywa Soda ya Muuza Magari

Mpendwa Baba,

Nimenunua gari. Ungekuwepo ungeuliza kwanza kama linapanda mlima, na mwisho, kwa sauti ya chini, ungeuliza lile swali ambalo Mama ameniuliza badala yako. Nitafika huko. Acha nianze na pikapu lako.

Unakumbuka mwaka 2012, ulipouza ng'ombe wako ili maharage na mihogo ya Nyakitonto ifike sokoni Kasulu bila kubebwa kwa baiskeli? Nilikusindikiza mimi. Ulivaa koti la kanisani. Gari lilikuwa jipya kwa maana yetu, yaani limechoka kwao Ujapani lakini halijaonja tope la Kigoma. Nilitaka tutafute fundi alikague, ukanikata jicho. Ulinunua gari kama ulivyonunua ng'ombe maisha yako yote: unakwenda nyumbani kwa muuzaji, unakula chake, halafu yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, anakutajia ila ya mnyama. Huyu anapiga teke, huyu chuchu moja imekufa. Aliyekulisha hakufichi, na uliyelishwa hupekui.

Yule bwana muuzaji alitukaribisha kwake kweli. Tulikula wali na kuku, ukanawa, ukamtazama usoni.

"Haya, nitajie ila yake."

"Mzee wangu, chuma hiki hakina ila hata moja. Wewe tia mafuta usepe zako."

Ukamshukuru kwa kupiga makofi taratibu, kama tunavyoshukuru sisi. Ulidhani ameapa, kumbe alikuwa anauza tu.

Pikapu lilichemsha mlima wa kwanza, likachemsha na wa pili. Tulizoea kusafiri na madumu ya maji kuliko magunia, na watu wa senta, pale madukani kijijini, wakalibatiza "Ng'ombe wa Mzee", kwa kuwa halipiti mtoni bila kunywa. Uliwaambia barabara ndiyo mbaya. Fundi alipolifungua na kusema injini ilishapasuka zamani, ikazibwa juujuu ili iuzike, ulimwomba aseme polepole majirani wasisikie. Nikakusihi twende tukamdai yule bwana. "Nimekula kwake," ukasema, yakaisha. Tangu hapo ukienda Kasulu ulikuwa unazunguka kwa nyuma usipite mtaa wake, wewe uliyetapeliwa, kana kwamba ndiwe uliyeiba. Hilo ndilo liliniuma, Baba, na umeondoka nalo.

Kwa hiyo mwaka huu, nilipokwenda kununua gari langu hapa Kibondo ninakofundisha, nilikwenda nimekunja uso tangu nyumbani. Nilikwenda na fundi. Muuzaji ni mtu mzima wa Mabamba, mpole, ana magari machache nyuma ya nyumba yake. Alitupokea kwa makofi, kiungwana, akatuita ndani. Mkewe alikuwa ametenga ugali wa muhogo na samaki, migebuka ya ziwani. Nikasema tumeshiba. Yule mama akaleta soda, akaifungua, akaiweka mbele yangu. Niliisogeza pembeni kwa mgongo wa mkono, Baba, naye anatazama.

"Sawa, mwalimu," akasema mumewe. "Basi kabla fundi hajaingia chini, nikwambie kwanza, gari hili lina..."

"Usinisimulie," nikamkata. "Fundi ataona mwenyewe. Nyinyi wauza magari tunawajua."

Akasogea kando. Fundi akalala chini ya gari, akaligonga, akaliwasha, akalizungusha mtaani. Mimi nilisimama juani nimekunja mikono kifuani, nikingoja kushinda.

"Gari zima," fundi aliporudi akasema. "Ila shokapu ya nyuma, kushoto, inavuja. Ibadilishwe."

"Ndiyo hiyo niliyotaka kukutajia," akasema muuzaji. Hakupandisha sauti. "Nimeshanunua nyingine. Iko ndani, juu ya kabati."

Nilitamani ardhi ipasuke. Yule muuzaji mkweli uliyemtafuta Kasulu ukamkosa, mimi nilimpata, nikamtukana nyumbani kwake. Nikamwomba radhi, nikanyoosha mkono kuichukua ile soda. Mkewe alikuwa ameshaiondoa.

"Ile ilikuwa ya mgeni," akasema, taratibu tu. "Mteja tunampa risiti."

Walimu wenzangu wananiuliza kama wauza magari ni watu wa kuaminiwa. Nawaambia nendeni na fundi; aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nami niliumwa nikiwa nimekaa kando yako. Sijabadili neno langu. Lakini fundi asingekufa kwa kungoja mtu amalize kusema, na injini hukaguliwa hata na aliyekwisha kunywa soda. Naona aibu, Baba. Ya kwako ilikuwa ya mtu aliyemwamini mwongo. Yangu imenifuata mpaka darasani, nashika chaki naiona ile chupa.

Jumapili nilileta gari Nyakitonto. Lilipanda milima yote bila kuomba maji, na watu wa senta wakakosa jina la kulibatiza. Mama alilizunguka, akalipapasa, kisha akauliza lile swali lako.

"Mlikula kwake?"

Nikasema tulikula, ugali wa muhogo na migebuka. Mama akapiga makofi taratibu, akimshukuru mtu asiyemjua. Nilijifanya natazama tairi.

Pumzika, Baba. Siku nitakayopata uso wa kurudi kwa yule mzee, nitakwenda na njaa.

Ni mimi, mwanao uliyemfundisha kununua ng'ombe.