Ami, Ile Alama ya Chini Haikuwa ya Panga

Ami Bakari,

Dua nimekwisha kukuombea Ijumaa pale makaburini, mimi na bintiyo Rukia, tena ndefu, hata mguu ukanifa ganzi. Haya ya hapa sikutaka kuyasema pale kwa sababu yana kicheko ndani yake, na majirani zako wa sasa sijui tabia zao.

Mwandiko nisamehe. Darasa la sita niliacha mwenyewe, sikufukuzwa, na herufi zangu tangu siku hizo zatembea kama kaa. Lakini habari ninayo, na hakuna mtu Likoni hii awezaye kuieleza kama mimi.

Chumba kimekwisha. Kile ulichokiacha kuta zikiwa za magotini, ukaenda kulala ukisema umechoka, hukuamka. Kimeezekwa, kimepigwa plasta, kimepakwa chokaa, na Bi Mwanasha wako amekaa ndani yake hivi sasa ninavyoandika. Namsikia akimsuta muuza maziwa.

Ila nusura nikiharibu. Nakwambia mimi mwenyewe kabla hujaambiwa na hao wanaokuja huko.

Ulipoondoka, Rukia alitaka kumchukua mamake akakae naye Changamwe. Si ubaya, nafasi anayo na mumewe ana adabu. Lakini ni ghorofa ya nne, karibu na airport, ndege ikipita vikombe vyalia kabatini. Bi Mwanasha akasema haendi. Rukia akasema basi chumba kiishe kabla ya joto la kaskazi, kwa sababu kile cha zamani, mabati yamekaribia kumgusa kichwa, chamtia presha. Kisipoisha, au kikiisha vibaya, mama afunga virago na nyumba yafungwa. Nikapiga kifua mbele ya watu wote wa hitima. Nikasema chumba cha Ami nitakimaliza mimi, na nyinyi nyote mtakuja kupiga picha.

Ramani hukuacha. Dari la futi kumi na mbili ulilisema kwa mdomo, "joto lipande juu limwache mke wangu." Kilichobaki ni ule ufito wako wa mkoko wa kupimia uliokuwa ukitembea nao kila kazi. Ulikuwa na alama mbili. Ya juu, futi saba, mstari safi wa msumeno. Hiyo naijua: hapo vichwa vya mlango na madirisha hukutana, chumba kizima, kama watu kwenye safu ya sala. Ya chini ilikuwa mkato tu, futi mbili hivi, tena umekwenda upande. Nikaona hili ni panga lilikuponyoka siku ulipouchonga. Nikaupuuza.

Sasa hapa ndipo Doha iliponiponza. Wajua nilivyokaa kule miaka mitatu, nimevaa koti la vifungo vinavyong'aa, kazi yangu kufungua mlango wa hoteli. Wewe ulikuwa ukinicheka, lakini kweli ni kweli: Likoni yote, tia na Kisauni, hakuna fundi aliyefungua milango mingi kama mimi. Na ule ulikuwa mlango! Ngamia angepita na mpandaji wake juu. Basi nikajiambia, chumba kina dari refu hivi, mlango wa futi saba utaonekana tundu la kuku. Nikauchora ukutani kwa chaki, futi tisa.

Bi Mwanasha akaja, akautazama mchoro kutoka chini mpaka juu, polepole, kama mtu atazamaye mnazi. "Komeo la juu atanifungia nani, Saidi? Twiga?"

Nikacheka, lakini nikakukumbuka. Lile jumba la Nyali, mwenyewe akitaka mlango mrefu kwa sababu dari lake ni refu, nawe ukamwambia, "Bwana, dari limepanda, wewe hukupanda." Ukamwekea mlango wa futi saba, na juu yake, ndani ya fremu hiyo hiyo, ukamtilia kidirisha cha kupitisha hewa. Mtu akitazama aona kitu kirefu cha haja. Akishika kitasa, kipo mkononi mwake. Nikafanya vivyo hivyo. Juu ya mlango nikatia mbao za kimia, zenye mianya ya hewa, futi moja na nusu, na karibu na dari nikaacha matundu yanayotazamana, joto likifika kule lipate pa kutokea. La mlango nimelipata, Ami, usinikate maksi.

Dirisha sasa.

Bi Mwanasha alikwenda Changamwe wiki mbili kumwangalia Rukia aliyejifungua. Mjukuu wako amepewa jina lako, na akiwa na njaa ana ukali wako. Mimi nikabaki na ufito na kichwa changu. Nikasema dari limepanda, dirisha nalo lipande. Ukingo wake wa chini nikauweka futi nne, karibu na kwapa langu mimi niliyesimama. Lilikuwa zuri, wallahi. Nikalipiga picha nikawatumia wenzangu wa Doha, mmoja akanijibu ati ni kama hoteli. Nikalala najiona.

Akarudi. Akaingia, akasifu dari, akasifu upepo. Kisha akatandika mkeka wake, akakaa, akanyoosha miguu, akatoa ukili akaanza kusuka, kama afanyavyo kila siku tangu nimjue. Akainua macho kulitazama dirisha.

"Saidi," akasema, "naona mbingu tu. Huko nitakwenda siku yangu. Leo nataka kumwona apitaye njiani."

Nikamletea kiti. Akaniambia ukili ameusuka chini miaka arubaini, hajui kuusuka akining'inia. Nikamwambia atazoea. Akakunja ukili wake. "Mwanangu, umejitahidi. Mwambie Rukia alete gari Jumamosi." Wala hakukasirika, Ami. Afadhali angenitukana.

Nikatoka nje nikakaa juu ya ndoo. Mimi, Saidi wa Doha, niliyeahidi picha. Nilikaa mpaka adhana ya Alasiri, kisha nikaanza kukusanya vyombo niondoke. Ufito wako nikaurudisha ndani, nikauegemeza ukutani pale alipokaa Bi Mwanasha, nikainama kuchukua mwiko. Jicho likaona. Ule mkato ulikuwa chini kidogo tu ya bega lake. Si karibu na hapo. Hapo hapo.

Nikapiga magoti, nikausimamisha ufito wima, nikamwomba akae sawa.

"Wanipima kaburi?" akasema, na papo hapo akashika mdomo. Akanieleza: kumbe maneno hayo hayo alikwisha kukwambia wewe, kabla ya ile Ramadhani yako ya mwisho. Ulikuja na ufito akiwa anasuka, ukausimamisha begani mwake, naye akakuuliza hivyo, ukamjibu, "Nakupima dirisha, tulia." Ukatia kisu pale pale, na mkono wako siku hizo ulikuwa ukitetemeka. Ndiyo sababu mkato ukaenda upande. Yeye alidhani ni mzaha wako.

Ami.

Nilikaa chini kando yake. Na wajua, nilikuwa sijakaa ndani ya chumba kile hata siku moja. Miezi yote nilikijenga nimesimama. Kule Doha mbele ya ule mlango hatukuruhusiwa kukaa, miaka mitatu, nami nikarudi nikidhani vyumba ni vya watu waliosimama. Wewe kila nyumba, kabla hujasema dirisha liwe wapi, ulimwambia mwenyewe akae pale anapokaa siku zote, nawe ukakaa kando yake, mkanywa kahawa. Mimi nilikuwa nje nachanganya simiti, najisemea mzee mgongo wamsumbua.

Jumamosi gari la Rukia lilinikuta na nyundo na tindo, mweupe kwa vumbi. Begi la mamake lilikwisha kupakiwa alipokuja kunitazama. Nilikuwa nimetoa mistari mitatu ya bloki chini ya dirisha, kichwa chake sikukigusa, kimebaki futi saba sawa na mlango.

"Kaka Saidi, umerukwa na akili? Naja kumchukua mama, wewe wavunja nyumba!"

Nikamwambia kaa chini. Akakaa na baibui lake jeusi kwenye mkeka wa mamake, katikati ya vumbi. Njia yote ikaonekana: duka, kibanda cha mahamri, na ile kona uliyokuwa ukitokea ukirudi msikitini, kofia umeishika mkononi wajipepea. Alitazama kona ile kitambo. Kisha akainuka, akaenda garini, akalishusha begi.

Basi ndiyo habari. Dirishani nimetia vyuma vya kusimama, mjukuu akianza kutambaa asitutoroke. Bi Mwanasha sasa hapitwi na mtu. Anayepita asimsalimu huitwa kwa jina akarudi. "Shikamoo" zafika mtu baada ya mtu, na yeye hajibu marahaba tupu, lazima aulize waenda wapi na jua lote hili na mamako hajambo. Usiku joto lapanda kama ulivyosema, lamwacha alale. Presha imetulia. Picha nazo watu wamekuja kupiga, sikudanganya watu.

Na mimi nimepata kazi nyingine Nyali, dari futi kumi na nne, usinionee wivu. Siku ya kwanza nikamwambia mwenye nyumba, bwana mkubwa mwenye suti, akae chini. Akanitazama kama nimemposa bintiye. Lakini alikaa. Tukanywa kahawa sakafuni, wawili sisi, akaniambia mamake ni mzee, hashuki kitandani, na kitanda kitakuwa upande ule. Hakuna ramani yoyote iliyokuwa na kitanda hicho. Kesho yake nikaenda kumpima mama.

Ufito wako sitautumia tena. Nimeutundika chumbani kwa Bi Mwanasha, juu ya mlango wake wa futi saba, na alama sikuongeza. Ile ya chini ni ya mtu mmoja. Kila nyumba nitakata ufito wake mpya, na kabla sijatia alama nitakaa pale wenyewe wanapokaa. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na wajua mimi husema mengi, lakini hili nimelisema nimekaa chini.

Mungu akupanulie huko ulipo, akutilie nuru na upepo. Mimi naondoka sasa, kwa kuwa mkeo ameniona kupitia dirisha lake naandika, ataka kujua namwandikia nani.

Nitamwambia.

Fundi wako,
Saidi