Gazi Niliyofungua Mwenyewe

Papa Furaha,

Karatasi hii nimeianza mara tatu na kuichana. Naona haya kukuandikia, lakini wa kumwambia kwanza ni wewe.

Ile Fuso haitembei tena. Moteri ilikufa mwezi mmoja baada ya kukuzika, mlimani, usukani nimeshika mimi, tumepakia mahindi ya kambini Nakivale, hata Mbarara hatujafika. Fundi wa mjini alipoifungua alinionyesha pistoni: ina tundu la kupitisha kidole. Akauona mtungi wako wa gesi ya kupikia nyuma ya kabini, na mpira wake ulioingia kwenye njia ya hewa ya moteri. Akauliza nani ametia mambo haya. Nikasema, "Ni Papa Furaha."

Unakumbuka siku ulipoufunga? Watu wa Base Camp, pale kambini, walicheka, eti Papa Furaha anataka kupikia wali ndani ya Fuso. Wewe ukanikonyeza: "Espérance, mazutu, hii dizeli, ndiyo chakula, gazi ni chumvi tu." Ukachukua rangi ya kucha ya Mama Furaha, ukachora alama nyekundu kwenye ile valvu ya kufungulia gazi, karibu na usukani, ukasema, "Mwisho hapa." Na kila mlima, tukiwa na mzigo, ulipiga kelele, "Punguza gazi!" Mazutu iliyokuwa inaishia Mbarara ikaanza kubaki ya kutusogeza njia ya kurudi. Waliocheka wakaja kuulizia.

Basi uongo wangu niliuchukua kwenye neno hilo, gazi. Si unajua kwetu Fizi, kule Kongo, gazi ni pia ile pedali ya mafuta unayokanyaga kwa mguu? Patroni, mwenye gari, aliponibana, nikamwambia ulinifundisha maneno mawili tu, "punguza gazi", nami nikawa naondoa mguu, sikujua unasema ya mtungi. Yeye ni Munyankore wa huku Uganda, akatikisa kichwa: "Banange, Kiswahili chenu hiki!" Wote wakaniamini.

Lakini kila uliposema vile, Papa, mkono wako ulikuwa juu ya valvu. Nilijua. Nilijua vizuri sana. Siku ile nilikuwa nimeifungua kupita alama yako, tena mbali, ili madereva wa Mbarara waseme Espérance amemshinda mwalimu wake kwa kubakiza mazutu. Moteri ikaanza kugonga, ka-ka-ka, na mkono wangu haukwenda kuifunga valvu. Nilitaka nifike juu kwanza. Kiburi cha kijinga!

Sasa hakuna dereva anayepeleka gari kwa mwanao Furaha. Wanasema mkono wa baba yake uliua moteri. Anakaa mlangoni pa garaji na spana zako, zote safi, hazina kazi.

Na Jumapili, baada ya misa, Mama Furaha alikuja kwangu na beseni la maharage kichwani. Nikadhani amejua. Akasema, "Mwanangu, utusamehe. Muzee hakukufundisha muzuri. Pengine ugonjwa ilikuwa imeshamuchosha." Ananiomba msamaha mimi! Nami nikajibu nini? Nikajibu, "Si kitu, Mama." Nikapokea beseni kwa mikono miwili. Nikapika, watoto wangu wakala wakashiba. Mimi sikuonja.

Papa, sikuombi unisamehe. Kesho asubuhi nakwenda kwa Mama Furaha kwanza. Kutoka hapo naenda fasi malori yanapopakia, mbele ya patroni na madereva wote, niseme ni mimi niliyefungua gazi. Usukani hawatanipa tena, najua, na nitabeba magunia kama wengine. Nikishindwa kusema, nitampa Furaha barua hii aisome kwa sauti, nami nisimame pale pale mpaka amalize.

Pumzika, Papa yangu.

Mimi Espérance, uliyenifundisha vizuri.